Mama wa Koplo Benedikto

Kila asubuhi, kabla hajavaa hata kofia yake ya unesi, Dorika alikuwa na kazi moja: kuligonga simtanki. Alianzia chini, akapanda katikati, akamalizia juu, sikio kalitega. Tanki lenye maji hujibu kwa sauti nzito. Tanki la wodi ya wanaume asubuhi ile lilijibu tupu mwili mzima, na Dorika akalipiga teke moja la kuliaga.

"Limesemaje, Sista?" sauti ikauliza kutoka dirishani.

"Limesema leo mtajipangusa kwa imani!"

Wodini wakacheka. Walikuwa wagonjwa kumi na kidogo, askari wote, na kucheka ndiyo dawa pekee ambayo hospitali ile haikuwahi kuishiwa.

Wodi yenyewe ilikuwa ghala la korosho. Vita vya ng'ambo ya mto vilipoanza kurusha cheche upande huu, jeshi liliazima ghala la kijiji cha Chiunjila, likapanga vitanda vya chuma, likageuza chumba cha mizani kuwa chumba cha upasuaji, na watu wakaambiwa ni kwa miezi michache tu. Haya, miaka imepita. Mpaka leo mgonjwa akigeuza mto ananusa korosho.

Dorika ni mtoto wa Chiwata. Alisomea uuguzi Ndanda, akamaliza na vyeti vizuri, akakaa nyumbani akisubiri ajira mpaka mama yake akaanza kumuuliza kama vyeti vile vinaweza kuungwa nazi. Aliposikia kwamba hospitali ya jeshi huku juu Newala inapokea wauguzi wa kujitolea, akafunga begi. Kujitolea, kwa asiyejua, maana yake unafanya kazi ya mwajiriwa, unachoka uchovu wa mwajiriwa, na mwisho wa mwezi unapewa asante na mche wa sabuni. Mtu asiseme uongo, sabuni walikuwa wanatoa. Cha kuitumia nacho ndicho kilikuwa shida.

Dumu moja alilobeba kutoka alikopanga aliligawa kwa bakuli. Akampangusa huyu uso, yule makwapa, akitaniana nao, mpaka akafika kitanda cha Koplo Benedikto. Benedikto ni Mfipa wa Sumbawanga, kifua kipana, mdomo haufungi. Wakiwa doria kando ya Ruvuma kipande cha chuma kilimpasua muundi, na tangu aletwe alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi atakavyorudi kwao kucheza ngoma kwenye harusi ya dada yake. Leo alikuwa kimya, midomo imemkauka.

"Koplo, mbona redio imezimwa?"

"Betri, Sista," akasema. "Mguu unapiga kelele kunishinda."

Dokta Cyril alikuja, akafungua bandeji, akainama, akanusa. Cheo chake ni kapteni, na kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Akinyamaza, mgonjwa ana haki ya kuogopa. Alinyamaza. Akamfunika koplo vizuri, akampiga bega, akamvuta Dorika mpaka nje.

"Kidonda kinaoza kwa chini. Bado kuna chuma humo ndani. Lazima nikifungue leo, nikisafishe chote. Nikingoja kesho sitasafisha tena, nitakata. Hapa." Akajionyesha juu ya goti lake mwenyewe.

"Basi tufungue, Dokta."

"Kwa maji gani? Sina ya kunawa mikono, sina ya kuchemshia vifaa, sina ya kuosha hicho chumba cha mizani. Nipatie madumu kumi, Dorika. Kumi tu, na mguu tunaubakiza."

Hapo hapo wakasikia mngurumo. Boza! Limetoka bondeni na maji yake, linanesanesa kwa uzito, linadondosha matone njia nzima. Dorika alikimbia kulipokea na mikono hewani, kama anapokea bibi harusi. Boza likampita. Likaipita wodi, likalipita jiko, likaingia uwanja wa gwaride, na dereva akafungua koki za nyuma. Maji yakaanza kumwagika juu ya mchanga mwekundu, fyaaa, na mchanga ukayanywa bila hata kusema ahsante.

"Jamani!" Dorika akasema, mikono bado iko hewani.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Meja Fortunatus. Huyu ndiye mkuu wa utawala wa hospitali, mtu nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Dorika zaidi, kwa sababu angekuwa mbaya, Dorika angemtukana tu moyoni akalala usingizi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sista, leo sina nafasi, mgeni mkubwa kutoka makao makuu anaingia mchana."

"Ni neno moja tu, afande. Boza limepita tanki letu."

"Halijapita. Limeelekezwa."

"Linamwagia mchanga!"

"Linatuliza vumbi, Sista. Mwaka jana mgeni alikohoa gwaride zima, mwanzo mpaka mwisho. Unajua aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu yuko wapi sasa?"

"Sijui, afande."

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana namwagia."

"Kuna mguu wa mtu, afande. Koplo Benedikto asipofunguliwa leo, anakatwa kesho."

Meja akaacha kupanga kalamu zake. Kitu kilimpita usoni, kikapita kweli, lakini hakikukaa. "Boza likimaliza uwanja litashuka bondeni kujaza. Kesho asubuhi na mapema mtakuwa wa kwanza. Nakuahidi."

"Kesho mguu hautakuwepo. Basi tupewe gari la wagonjwa tumkimbize Ndanda."

"Gari la wagonjwa limeoshwa."

"Limeoshwa?"

"Mgeni atalikagua. Likienda barabarani litarudi na vumbi." Akashusha sauti, akawa kama kaka mkubwa. "Sista Dorika, jina lako nimelipendekeza kwenye nafasi za ajira. Wewe unajua, mimi najua. Usinitie doa siku ya leo."

Alitoka mle na hasira zake. Ile kauli ilimwingia barabara, kwa maana alikuwa anaitaka ile ajira kuliko kitu chochote hapa duniani. Mwaka wa tatu huu anaitaka. Akapita kando ya uwanja uliolowa vizuri, unanukia mvua ambayo haijanyesha, akasimama, akafikiria mguu wa Benedikto na harusi ya dada yake. Akalisonya boza, akatoka getini.

Alikopanga ni jirani tu, nyuma ya uzio wa kambi, kwa Mama Yassini. Huyu ni mama wa Kimakonde mwenye sauti ya kuita mtu Masasi akiwa Newala, na ana kisima cha kuvunia mvua, kimesakafiwa kwa saruji, maji yanaingia kutoka bati. Lakini ulikuwa mwezi wa Oktoba. Mvua ilikuwa bado mbali, dumu sokoni limepanda bei tena, na wenye visima walikuwa wanapima kina kwa kijiti kila jioni kama watu wanaopima homa. Alimkuta barazani na wenzake wawili wakichambua korosho: Mama Salome, mwembamba, mwimbaji wa kwaya, na Bibi Kibibi, mkongwe mwenye chale za zamani mashavuni na ulimi wa kisasa kabisa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, nesi wetu! Mbona uso umekunja hivyo, askari amekuposa?" akauliza Bibi Kibibi.

"Mama Yassini, nina aibu. Nimekuja kuomba maji. Madumu, madumu... utakayoweza. Kuna mgonjwa anatakiwa apasuliwe leo, asipopasuliwa anakatwa mguu. Nitayalipa, sijui kwa kitu gani, lakini nitayalipa."

Mama Yassini hakujibu habari ya maji. Aliuliza kitu kingine kabisa. "Mgonjwa mwenyewe mtoto wa nani?"

"Mtu wa Sumbawanga."

"Mama yake yuko wapi?"

"Si huko huko Sumbawanga."

"Huku je? Mama yake wa huku nani?"

"Hana."

Korosho zilisimama hewani. Wale wanawake watatu wakatazamana, kisha wakamtazama Dorika kama mtu aliyesema kwamba huko ghalani wagonjwa wanalazwa juu ya miiba.

"Hana?" Mama Salome akarudia. "Na wale wengine?"

"Wote wametoka mbali. Tarime, Kigoma, Arusha, Tanga. Hakuna anayekuja kuwaona."

"Ala!" Bibi Kibibi akapiga paja. "Vijana wa watu wamefungiwa ndani, wamechanjwachanjwa, wanauguza vidonda, na hawana mama! Na sisi tupo hapa tunachambua korosho!"

Ndipo Dorika akaelewa alichokanyaga. Kwao, vijana wakiingia jandoni, kila mmoja huwa na mama wa kumpelekea chakula na maji mpaka atoke. Mwenye mama mbali, au aliyefiwa, hupewa mama siku ile ile, na uzazi huo haufutwi. Hata akiwa mzee mwenye mvi, akipita mlangoni kwa mama yule lazima amwamkie. Na mama akipatwa na shida, anajua mlango wa kubisha. Kwa macho ya akina mama hawa, ghala lile lilikuwa jando limekaa miaka bila mama hata mmoja, na aibu ilikuwa ya kijiji.

"Mimi nimeomba kwa ajili ya mmoja tu," Dorika akajitetea.

"Na wengine ni vifaranga?" Mama Yassini alikuwa kashasimama, anafunga kanga ya pili kiunoni. Halafu sauti yake ikashuka, na ilikuwa haishuki mara kwa mara. "Yassini wangu yuko na bunduki, sijui hata mpaka gani wamempeleka safari hii. Kila nikila najiuliza, mwanangu akiumia huko, nani atampa maji? Nani, Dorika? Basi mimi nitampa wa mwenzangu, na mwenzangu huko ampe wangu." Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akaita. Kijiji kizima kikasikia.

Ilikuwa bado asubuhi walipofika getini. Mbele Mama Yassini na dumu kichwani. Nyuma yake msururu wa akina mama, kila mmoja na dumu lake, wengine na ndoo, mmoja na sufuria la harusi lenye mfuniko, wakiimba nyimbo za kupeleka chakula jandoni, nyingine zikiwa na maneno ambayo Mama Salome wa kwaya aliyapitia kwa kufumba macho. Maji yale yalitoka vilindini mwa visima, ya kunywea, ya kupikia. Dorika alijua ni nini walichokomba. Akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

Getini alikuwa Nurdin, kijana wa Pangani, mwenye heshima zake. Aliwaamkia wote kwanza, ikachukua muda, kisha akanyoosha mkono.

"Mama zangu, samahani. Amri inasema wanaoingia ni ndugu wa wagonjwa tu."

"Ndio sisi," Mama Yassini akasema. "Tu mama zao."

"Wote?"

"Kwani wewe wagonjwa wako walianguliwa?"

Nurdin akamgeukia Bibi Kibibi, akaona labda huyu mzee hatadanganya. "Bibi, mgonjwa wako anaitwa nani?"

"Mwanangu."

"Jina lake, bibi."

"Nimemzaa asubuhi hii, jina bado. Nipishe nikamwone amefanana na nani."

Nurdin aling'ata midomo asicheke kazini. Akatazama huku, akatazama kule; wakubwa wote walikuwa uwanjani wanapanga viti. Akafungua geti. Bibi Kibibi alipompita akamsikia akinong'ona, "Na mimi, bibi, huku sina mtu." Mkongwe akasimama, akamtazama juu mpaka chini, akaita nyuma kwamba hapa getini kuna mwingine, nani ana nafasi.

Ghalani kukawa sikukuu. Wanaume waliovuka mto na bunduki walivuta mashuka mpaka kidevuni. Akina mama walipita kitanda kwa kitanda wakijitwalia watoto, na hawakukubaliana kwa urahisi. Yule mrefu wa Arusha wa kitanda cha mwisho aligombewa na Mama Salome na Bibi Kibibi, huyu kashika mkono wa kulia, huyu wa kushoto, mpaka akasema, "Mama zangu, nigawaneni, lakini bandeji iacheni." Waliwaosha miguu, waliwakata kucha, waliwauliza kama wameoa na kama hawajaoa wana matatizo gani. Mmoja wa Kigoma, ambaye tangu aletwe hakuwa amesema maneno matatu, alikuwa ameshika kanga ya mama yake mpya na analia kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Benedikto alimpata Mama Yassini.

"Wewe ndiye mwenye mguu?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Maji yako haya hapa. Nenda ukapasuliwe, ukirudi nitakupa uji. Na usiniaibishe, ni mtoto wa kwangu sasa."

"Ndiyo, mama," akasema koplo, meno yanagongana kwa homa. "Ila uji usiwe wa ulezi."

Vifaa vikachemshwa. Chumba cha mizani kikaoshwa kuta na sakafu. Dokta Cyril alinawa mpaka kwenye viwiko, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu, na kila Dorika alipommiminia alisema, "Ongeza, ongeza, leo mimi ni tajiri." Wakafanya kazi. Nje bendi ya gwaride ilianza, tarumbeta zikapanda, mgeni kafika. Ndani hakuna aliyeinua kichwa. Kile chuma kilitoka mwishoni kabisa, chembamba, kimelala kando ya mfupa. Dokta akakidondosha kwenye bakuli, kikalia ting.

"Unabaki," akasema.

"Wote?"

"Mguu wote, Dorika. Mpaka kucha."

Dorika alicheza. Alicheza palepale, na glavu zake za damu hewani, pembeni ya mizani ya korosho, na Dokta Cyril akampigia makofi ya viwiko ili asiguse kitu.

Alikuwa ametoka tu kuvuta hewa alipomwona Meja Fortunatus anakuja mbio. Mbio za heshima, lakini mbio. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye zile pasi zake.

"Sista! Nasikia mna maji. Nipe madumu mawili, haraka."

"Ya nini, afande?"

"Mgeni anakula. Pilau iko mezani, na hakuna maji ya kunawa. Jikoni yamekwisha, boza limekauka, limekwenda bondeni."

Dorika alitazama uwanja. Ulikuwa umekauka na wenyewe, kwa jua la Newala la saa saba, na vumbi lilikuwa linapanda taratibu kwenye viatu vya bendi. Akageuka akatazama madumu yaliyobaki kando ya ukuta. Yapo matatu. Neno moja la ndiyo, na jina lake lingebaki zuri ofisini kwa meja. Neno moja tu, na isitoshe aliyeomba ni mkubwa. Lakini Benedikto atahitaji kuoshwa jioni, na wengine wote kesho.

"Afande, hayo maji si yangu," akasema. "Si ya hospitali pia. Yana wenyewe."

"Wenyewe nani?"

Wenyewe walikuwa wameshasogea mlangoni.

"Huyu naye anataka maji?" akauliza Mama Yassini. "Ana mama huku?"

"Mama, mimi ni meja..."

"Sikuuliza hiyo. Kwenu wapi, baba?"

"Karagwe."

"Mama yako yupo?"

Meja Fortunatus akavua kofia, hata sidhani kama alijua kwamba ameivua. "Alifariki mwaka jana. Sikuwahi kuzika. Sikupewa ruhusa."

Bibi Kibibi akatoka katikati ya wenzake, mfupi, anamfikia meja kwenye mfuko wa shati. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Basi mimi wa Arusha nimemwachia Mama Salome, amenichosha kwa kumgombea. Nina nafasi. Niamkie."

Na meja, mbele ya nesi, mbele ya wodi nzima iliyokuwa imebana pumzi madirishani, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua dumu moja. La pili la wenzako wagonjwa."

Ndivyo mgeni rasmi alivyowakuta. Alikuwa amechoka kungoja kunawa, akaamua kutembea, na msafara wake wote nyuma. Alimwona mkuu wa utawala ameinama kwa kikongwe, dumu mkononi. Akaona akina mama na kanga zao na wagonjwa waliooshwa wanang'aa. Uso ukamfunguka.

"Meja! Ni nini hiki kizuri namna hii?"

Meja alikuwa mwepesi, tumpe haki yake. Akakaza mgongo. "Ushirikiano wa jeshi na wananchi, mkuu. Akina mama wanaleta maji wodini."

"Safi kabisa!" Mgeni akapigwa picha na Bibi Kibibi, akapigwa na ndoo, akapigwa na yule wa Arusha. Halafu akatoa hotuba fupi, kwa sababu wageni wa aina ile hawawezi kuona watu zaidi ya kumi wamesimama wakaacha. Akasema huu ni mfano wa kuigwa. Akasema wodi hii sasa inajitegemea. "Na kwa hiyo, meja, hili boza linaweza kupangiwa kazi nyingine, au siyo? Tusibane rasilimali."

"Ndiyo, mkuu," akasema meja, bila kumtazama mtu.

Dorika alipiga hesabu. Visima vimekombwa, mvua iko mbali, na boza limekwenda hivi hivi, kwa makofi. Kabla hajapata la kusema, mgeni akamfikia.

"Na wewe binti, mpasuaji mdogo! Una cheo gani?"

"Sina cheo, mkuu. Najitolea."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu!" Mgeni akawageukia wote, kidole juu. "Mnaona? Vijana kama hawa ndio hazina yetu." Akamshika Dorika bega, akamtazama machoni, na alimaanisha kila neno. "Endelea kujitolea, binti. Moyo huo huo."

Watu wakapiga makofi. Dokta Cyril peke yake hakupiga, akajifanya anakausha mikono iliyokuwa imekauka zamani.

Asubuhi iliyofuata Dorika aligonga tanki, likamjibu tupu kama kawaida. Koplo Benedikto redio imewaka: homa imeshuka, mguu uko pale pale, na mama yake, anawaambia wenzake, amemletea uji wa ulezi kwa makusudi. "Lakini naye leo kaja na dumu tupu," akaongeza. "Kaliacha nje. Sijamwelewa."

Dorika akatoka kutazama. Getini palikuwa na madumu, si kidogo. Yalikuwa yamepangwa kukata njia ya gari upande mpaka upande, ya njano, ya bluu, na lile sufuria la harusi, yote matupu, midomo wazi. Nyuma yake akina mama wa jana wamekaa chini juu ya kanga zao, wanachambua korosho, hawana haraka. Nurdin amesimama na bunduki yake, amegeuzia uso upande mwingine, na mfukoni mwake kuna muhogo wa kuchemsha ambao si wa jeshi. Mbele yao boza limefika kutoka bondeni na limesimama, linanguruma, linadondosha. Dereva amelala juu ya usukani. Mtu gani atakanyaga madumu ya wazazi?

Meja Fortunatus akaja, na kofia yake kichwani safari hii. "Jamani, akina mama! Hii ni kambi ya jeshi! Hili boza lina kazi nyingine, linakwenda bustani ya..." Akasita mwenyewe.

Bibi Kibibi hakusimama. Aliinua uso tu.

"Hujaniamkia," akasema.

Boza linadondosha. Kutoka madirishani mwa ghala vichwa vyote vilikuwa nje, na vya bandeji na visivyo vya bandeji.

"Shikamoo, mama," meja akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama? Sisi kwako hatukuja kwa vita. Jana tulikuletea maji, leo kisimani hamna. Sasa mtoto wetu ana gari zima la maji. Tungekwenda kwa nani mwingine?"

Meja akatazama kulia na kushoto. Mgeni alikuwa ameshaondoka na picha zake. Akayatazama madumu, akamtazama yule mkongwe, akafika kwa Dorika, ambaye alikuwa anatoka wodini na dumu lake, anakwenda kuliweka mwisho wa mstari, taratibu, kwa kulinyoosha lisimame sawa na mengine.

"Na wewe, Sista Dorika? Unajua jina lako liko mezani kwangu."

"Najua, afande. Lipo mwaka wa tatu." Akakaa chini kando ya Mama Yassini, akachukua konzi ya korosho, akaanza kuchambua. "Nimeambiwa niendelee kujitolea. Leo najitolea hapa."

Meja alisimama pale muda, jua linapanda, pasi za suruali zinaanza kulegea. Mwishowe akampungia dereva mkono. Dereva akashuka, akaburuta mpira, akauliza aanze na dumu la nani, na akina mama wote wakamwonyesha lile la mwisho, la wodi.